Mbuzi wa Sabaha na Chatu wa Bwana Mluzi

Kambi ya Karanga, Nachingwea
12 Februari 1950

Kwa dada yangu Sikuzani, Chinongwe.

Dada, kabla huyo Benedikto hajaendelea kukusomea, kaa chini. Mlaze mtoto mkekani. Umekaa? Haya.

Huku kuna Mzungu anafuga chatu.

Sikudanganyi, namwapia marehemu baba. Sisemi chatu wa kupita njia, sisemi ngozi. Nasema chatu mzima, mwenye macho, anayekaa nyumbani na watu. Ana sanduku lake la mbao, lile lililoletewa vyuma vya matingatinga, na ndani ametandikiwa blanketi. Blanketi, dada! Mimi na wewe tumelalia gunia mpaka siku natoka jandoni. Nimempima kwa hatua zangu: hatua sita, na mkia ukabaki. Unene wake ni paja la shemeji Halfani, na shemeji asininunie.

Huyo Mzungu tunamwita Bwana Mluzi, kwa sababu anapiga mluzi tangu alfajiri mpaka mdomo uchoke. Ni fundi wa matingatinga. Walikuwa wanang'oa pori, shimo likafukuka, huyo mkubwa akatoka. Watu wazima walikimbia wakaacha hata chakula chao. Bwana akavua koti, akamfunika kichwa, akambeba begani kama amepewa zawadi. Kila Jumapili anamwogesha kwa maji ya vuguvugu.

Sasa shika kichwa chako. Amempa jina la mama mkwe wake. Dorosi! Sisi mtu akimwona mama mkwe njiani anajitupa majanini, mwenzetu amempa nyoka jina lake na anamkuna kidevuni.

Mimi hali yangu ni njema kupita njema. Nimekuwa karani wa stoo. Kalamu iko sikioni muda wote, hata nikila. Yule mwalimu aliyenifukuza darasa la tatu akasema kazi yangu itakuwa kuamia ngedere shambani, mpelekee habari hizi akiwa hajala. Naishi nyumba ya matofali, seng'enge pande zote, mlango wa chuma. Chui wa kwenu akija hapa atapiga hodi, asijibiwe, arudi.

Mpwa wangu Sabaha anaendeleaje? Mwambie mjomba wake ni mtu mkubwa.

Ni mimi nduguyo,
Mbaruku, Karani


Chinongwe
2 Machi 1950

Mdogo wangu Mbaruku,

Benedikto amesoma mara tatu. Mara ya kwanza nilidhani anatunga. Mara ya pili nikamwambia aapie Biblia yake. Mara ya tatu jirani yangu Mwamina akatoka nje akatema mate, hajarudi mpaka leo.

Mbaruku, nyoka ana blanketi? Na wewe unalala karibu na hapo? Hamia nyumba nyingine leo hii. Mwambie mkubwa wako wa stoo kwamba dada yako amekataa.

Tena nina neno, na hili si la kuchezea. Siku ya saba ya Sabaha ilitupita, hatukuwa na mbuzi. Ya kumi na nne ikapita. Unajua nimezika wawili kabla yake, na wote wawili walikwenda bila akika. Mwalimu Amiri wa madrasa ananiambia akika ni sunna, haimzuii mtu kufa siku yake ikifika. Namwitikia, halafu usiku naweka sikio puani kwa mtoto nisikie kama anapumua. Safari hii lazima ichinjwe. Tumepanga Ijumaa ya pili ya Mfungo Mosi, Ramadhani ikiisha.

Mbuzi yupo, yule dume mwekundu mwenye baka jeupe usoni. Lakini chui ameingia kijijini, amekwisha kula wanne, na zizi letu ni la vijiti. Wewe umesema una seng'enge na mlango wa chuma. Basi shemeji yako atakuletea mbuzi huko huko umtunze mpaka siku ifike. Nimemfunga ushanga wa buluu shingoni ili usimchanganye. Kwetu mtoto ni wa mjomba wake, Mbaruku. Nakukabidhi.

Dada yako,
Sikuzani

N.B. Mbaruku, hapa ni mimi Benedikto naandika yangu, dada yako hajui. Mbona "karani" umeandika kwa herufi kubwa kuliko jina lako? Makarani niliowaona misheni hawana haja ya kujitangaza.


Nachingwea
9 Aprili 1950

Dada,

Mbuzi amefika salama. Nilimpokea barabarani mwenyewe, sikumkaribisha shemeji kambini kwa sababu siku hiyo makarani tulikuwa na kazi za haraka, wageni hawaruhusiwi. Asikasirike. Mbuzi ananenepa. Anakula maganda ya karanga mpaka anacheua akiwa amefumba macho kama mzee wa baraza.

Huku msiba wetu ni mwingine. Dorosi hali. Tangu mwezi wa pili amekataa kuku, amekataa panya, amekataa kanga aliyenona. Huyu amefunga kuliko Mwalimu Amiri, na wala hana daku. Bwana Mluzi ameacha kupiga mluzi. Anakaa mbele ya sanduku, kofia magotini. Jana nikamwona anafuta jicho. Mwanamume mzima, dada, fundi wa chuma, analia kwa sababu ya nyoka! Nilitaka kucheka, nikaona uso wake nikaacha.

We Benedikto, shughulika na katekisimu yako.

Mbaruku, Karani wa Stoo


Chinongwe
7 Mei 1950

Mbaruku,

Shemeji yako amesema alikukuta barabarani na kapu, na ndani ya kapu kulikuwa na panya. Hai. Akakuuliza, ukamjibu ni wa kuhesabiwa. Mimi sikusoma, lakini sijasikia stoo inayohesabu panya. Tena anasema ulinuka kuku. Karani gani huyo?

Sitaki kujua. Kazi ni kazi. Ninachotaka ni mbuzi. Sabaha alikohoa wiki nzima, sasa nafuu. Kila akikohoa naukumbuka ule ushanga, nasema moyoni: mbuzi yupo, mjomba wake anaye, siku inakuja.

Niandikie neno moja tu: mbuzi hajambo?

Sikuzani


Nachingwea
24 Juni 1950

Dada mpenzi, Ramadhani njema.

Habari kubwa! Dorosi amekula! Wiki iliyopita, mwezi ulipoandama, sisi tukafunga yeye akafungua. Bwana alinirukia akanikumbatia mbele ya watu, aibu ikanipata. Ameniandikia cheti kwa mashine, chenye mhuri, kinasema mimi ni kijana mwaminifu na nafaa kazi ya ofisini. Kuanzia mwezi ujao naingia stoo.

Namaanisha naendelea na stoo.

Nawaletea picha, Bwana amenipiga mwenyewe. Nyoka asinyanyuliwe akiwa ameshiba, ndiyo maana nimechuchumaa. Tazameni mkono wangu ulivyomlalia mgongoni bila kutetemeka. Tazameni kalamu sikioni. Ipitisheni kijiji kizima, Mwamina aone mwanamume.

Mbuzi msiwe na wasiwasi naye. Yuko mahali ambapo chui hawezi kumfikia kabisa. Amepumzika, joto la kutosha, hana njaa wala kiu.

Mbaruku


Chinongwe
2 Julai 1950

Mbaruku,

Picha ilifika Alhamisi jioni, watu wamekuja kufuturu. Ikapita mkono kwa mkono. Wakakusifu. Shemeji yako alisema, "Huyu mtoto hana moyo, ana jiwe." Mwamina aliishika kwa ncha ya kanga, akaigeuza huku na huku, akauliza, "Huyu nyoka ana mimba?" Wote wakacheka. Kweli kulikuwa na donge pale katikati, kubwa kama mtungi. Benedikto akasema, "Si mimba, ameshiba tu. Sijui amekula nini."

Mimi nikacheka na wengine. Picha ikanifikia. Nikatazama uso wako, nikasema mdogo wangu amekonda. Nikatazama mkono wako, ule uliojisifu kwamba hautetemeki.

Umevaa nini mkononi, Mbaruku?

Picha haina rangi. Lakini ushanga ule nilitunga mimi, tano kubwa, ndogo mbili, tano kubwa, na pale uzi ulipokatika nikaunga kwa fundo. Fundo linaonekana. Nilihesabu mara moja. Sikuhitaji mara ya pili.

Wamesema nilidondosha bakuli. Uji wote ukamwagika miguuni mwa Mwalimu Amiri, hata sikumwomba radhi. Niliingia ndani nikamchukua mtoto nikakaa naye kwenye kona, na mpaka wageni wanaondoka nilikuwa nimemshika.

Nimezika wawili, Mbaruku. Ulichimba kaburi la pili wewe, ukiwa na miaka kumi na mitatu, ukasema, "Dada, mwingine akija nitamlinda mimi."

Sema kweli. Ushanga umefikaje mkononi mwako?

Sikuzani


Nachingwea
8 Julai 1950

Dada,

Nimeandika barua nne nikazichana. Katika ya kwanza nyoka alitoroka. Katika ya pili mbuzi aliruka seng'enge mwenyewe. Nilikuwa hodari, hata mimi nilianza kuziamini. Hii ni ya tano.

Mimi si karani. Sijawahi. Mimi ni mtumishi wa nyoka. Nakamata panya, nasafisha sanduku, nabeba maji ya kumwogeshea. Kalamu ilikuwa imekauka, niliiokota. Nyumba ya matofali ni ya Bwana, mimi nalala banda la kuku, na hao kuku ni wa nyoka.

Bwana alisema, "Mbaruku, Dorosi akila, nitakupa cheti, utakuwa karani kweli." Nikajaribu kila kitu. Halafu siku moja akamtazama mbuzi nyuma ya banda akauliza ni wa nani. Nikasema ni wangu.

Sikutaka amle, dada. Nilitaka amnuse tu, hamu imrudie, kisha nimletee kuku. Nikamfungua ushanga usije ukakwama, na hapo ndipo najua sasa kwamba nilikuwa nimekwisha kujua. Nikasema nitahesabu mpaka kumi nimtoe. Nilifika tatu. Sijawahi kuona kitu kizito namna ile kikienda upesi namna ile. Mbuzi hakulia. Alinitazama mimi, hakumtazama nyoka. Nilivuta mguu, nilivuta kwa mikono miwili, Bwana akanishika kiuno akanirudisha nyuma, akidhani namwogopea mbuzi wangu, akacheka kwa furaha. Sikumwambia.

Lakini dada, nimewaza jambo. Mbuzi wa akika si havunjwi mfupa? Nimemuuliza Bwana, naye anawajua hawa: chatu havunji hata mfupa mmoja, anabana pumzi tu, na anameza mzima. Hakuna mpishi Chinongwe anayeweza hivyo! Shoka likiteleza mfupa unapasuka. Muulize Mwalimu Amiri, pengine inakubalika.

Mbaruku


Chinongwe
13 Julai 1950

Mbaruku,

Nilimpelekea Mwalimu barua yako. Alisomewa mpaka mwisho. Akavua kofia, akajipangusa. Kicheko kikamtoka, akakizuia kwa mkono, kisha akauliza swali moja tu: "Huyo chatu alisema Bismillahi?"

Usiniandikie tena. Sitaki cheti, sitaki picha, sitaki maneno. Siku ni Ijumaa ya pili ya Mfungo Mosi. Ukija, njoo na miguu sita, miwili yako na minne ya mbuzi. Ukija na miwili, pitiliza mpaka Nanganga, usigeuze uso.

Sikuzani

N.B. Ni mimi Benedikto. Sina utani leo. Mtoto ana homa tangu juzi, na dada yako hajalala. Jana alikuja kwangu na kijiti, akaniambia nimwandikie jina lake mchangani. Leo amekuja tena, anataka herufi zote. Nikamuuliza za nini. Akasema, "Nimechoka kusomewa ndugu yangu na mtoto wa mtu." Mwezi ujao naingia seminari, sijui nitamfikisha wapi. Mbaruku, njoo.


Chinongwe
30 Julai 1950

Kwa Bwana Mluzi, Kambi ya Karanga, Nachingwea.

Bwana, mimi ni Sikuzani, dada wa yule aliyekuwa mtumishi wa nyoka wako. Benedikto anafunga mizigo yake, hana nafasi, kwa hiyo anayeandika ni huyu Mbaruku mwenyewe. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asipunguze, asiongeze, asijisifu. (Bwana, naandika kama anavyosema. Mbaruku.)

Barua yako imefika. Unauliza mtumishi wako alikwenda wapi usiku mmoja bila kuaga, akaacha cheti chako kitandani. Nitakuambia.

Mbuzi aliyeliwa na mama mkwe wako hakuwa wa Mbaruku. Alikuwa wa akika ya binti yangu. Mtoto akizaliwa kwetu huchinjiwa mbuzi, nyama hupikwa bila kuvunja mfupa, mifupa huzikwa mizima. Ningejua Wazungu hulia kwa ajili ya nyoka, ningekuambia na sisi hulia kwa ajili ya mtoto. Sikulaumu. Ulidanganywa kama nilivyodanganywa, na mdomo uleule. (Hapa dada ameongeza neno kuhusu mdomo wangu, siliandiki.)

Alitoka kwako akaenda Matambarale kwa mzee Eusebio, ambaye ana mbuzi wengi na huruma kidogo. Alimpa viatu vyake, akamkatia ufuta siku tisa. Karani huyo! Mikono yake imepasuka, hata kalamu anaishika kama anashika kaa la moto. Alifika hapa Alhamisi adhuhuri, kesho yake ndiyo siku yenyewe. Nilikuwa nimekaa kizingitini na mtoto. Niliona vumbi, nikaona miguu miwili pekupeku. Nikainuka nifunge mlango. Ndipo nikaona minne nyuma yake.

Hakuja na hadithi. Alisimama pale, kamba mkononi, akasema, "Dada, huyu sijamtazama machoni njia nzima." Nilimpiga kofi moja. Kisha nikampa maji. (Makofi yalikuwa mawili, Bwana.)

Mtoto amechinjiwa. Nywele zimenyolewa, homa imeshuka, leo amenyonya mpaka akalala na ziwa mdomoni. Sisemi ni kwa sababu ya mbuzi, Mwalimu Amiri amenikataza kusema hivyo. Lakini usiku wa jana sikuweka sikio puani kwake. Nililala, Bwana. Nilikuwa nimesahau kulala kukoje.

Mifupa yote ilitoka mizima. Mbaruku ndiye aliyechimba shimo, akaipanga mmojammoja, hata ile midogo ya kwato. Ushanga nimeuvisha mtoto.

Unasema Dorosi amekataa kula tena na unamtaka Mbaruku arudi, utampa stoo kweli na nyumba. Nakushukuru. Jibu ni hapana. Benedikto akiondoka wanawake wa Chinongwe wenye waume huko kambini na Lindi hawatakuwa na wa kuwaandikia, nami nimewaahidi huyu. Atakaa barazani kwangu kila Jumamosi. Ametaka ukarani, ameupata.

Msalimie mama mkwe wako, yule wa kweli.

Mimi, Sikuzani

N.B. Bwana, sasa ni mimi Mbaruku peke yangu, dada amekwenda kumwogesha mtoto, na kusoma bado hajui. Mwambie Dorosi namsalimu. Usimlazimishe kula, mkune kidevuni upande wa kushoto, wa kulia hapendi, na maji yasiwe ya moto. Kiwekee nafasi kile cheo cha stoo. Mihogo ikishavunwa nitasema nakwenda Ruangwa kununua chumvi, nipande lori, nije. Wanawake hawa wataniua kwa kuniandikisha "salaam nyingi kama mchanga". Tumtafutie mbuzi asiye wa mtu.


NIMESOMA. HARUDI.
SIKUZANI